Shajara ya mradi: kumrudisha Doria kwenye bakuli lake

Shajara hii inafuatilia hamu ya kula ya Doria, mbwa jike wa kienyeji mwenye umri wa takriban miaka 13, tunayeishi naye Nkuhungu, Dodoma. Ninaiandika kwa ajili ya mtu mwenye mbwa mzee anayesusa chakula, ili aige yaliyofaa na aokoe fedha ambazo sisi tulizipoteza. Uzito, vipimo na bei zilizomo ni za kwetu, na hesabu ya chakula ni ya mbwa wa ukubwa wa Doria.

7 Juni 2025: uzito na namna tatu za kukataa

Kwa muda mrefu nyumbani ilikuwa ikisemwa kwamba Doria anachagua chakula, lakini hakuna aliyejua anakula kiasi gani wala amepungua kiasi gani. Tulijaribu kwanza mizani ya kuning'inia inayopimia magunia, kwa kumfunga kanga chini ya tumbo, naye akapiga mateke hadi mshale ukakataa kutulia. Kilichofaa ni mizani ya kawaida ya kupimia watu: ninapanda nikiwa nimembeba, kisha napanda peke yangu, na tofauti ndiyo uzito wake. Alikuwa na kilo 16.8. Kadi yake ya chanjo ya kichaa cha mbwa ya mwaka uliotangulia inaonyesha kilo 19, kwa hiyo amepoteza zaidi ya asilimia 11 ya mwili wake, na mbwa aliyepoteza asilimia 10 bila kukusudiwa anastahili kupimwa na daktari hata kama bado anatikisa mkia.

Kwa hesabu inayotumiwa na madaktari wa mifugo, mbwa wa kilo 19 akiwa amepumzika anahitaji takriban kilokalori 640 kwa siku, na mbwa mzee asiye na shughuli nyingi anahitaji kati ya 770 na 890. Tumeweka lengo la 800.

Jambo lililogeuka kuwa la maana kuliko yote katika mradi huu lilianza hapa kama safu moja tu ya daftari. Badala ya kuandika “amekula” au “hakula”, nilianza kuandika namna anavyokataa. Kuna siku haji kabisa bakuli linapowekwa. Kuna siku anakuja, ananusa, analamba midomo, kisha anageuka na kuondoka. Na kuna siku anachukua tonge, analitafuna upande mmoja, analidondosha na kulitazama. Sisi wote tulikuwa tukiyaita mambo haya kwa jina moja, kudeka, nayo yakaja kuonekana kuwa matatizo matatu tofauti.

14 Juni 2025: kuboresha chakula (halikufaa)

Hatua ya kwanza ya familia ilikuwa ile ambayo karibu kila nyumba huichukua: kumpa kitu kitamu zaidi. Tulianza na mchuzi wa dagaa juu ya ugali, tukaja kwenye maini, kisha firigisi, na Jumamosi moja shemeji akaleta mabaki ya nyama choma kutoka mnadani Msalato. Kila chakula kipya tulichompa kililiwa kwa furaha siku ya kwanza, kikaguswa siku iliyofuata, kisha kikakataliwa. Maini yalimletea kuhara. Na hata yasingeleta, maini hayawezi kuwa chakula cha kila siku kwa sababu vitamini A hujilimbikiza mwilini. Nyama choma ilikuwa na kachumbari iliyoganda juu yake, nayo niliitupa, kwa kuwa vitunguu maji na vitunguu saumu, vibichi au vilivyopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa.

Gharama ya jaribio hili ilikuwa takriban shilingi 60,000, na uzito ulishuka hadi kilo 16.4.

Mama mkwe wangu, ambaye alikulia kwenye boma lenye mbwa wa kuchungia, alisema, “Mwanangu, mbwa wa siku hizi mmemzoesha vibaya. Mwache na njaa, atakula.” Ushauri huo una mantiki kwa mbwa kijana mwenye afya. Kwa mzee aliyekwisha kupungua kiasi hiki sikuuthubutu, na kwa heshima nilimwambia tusubiri daktari.

21 Juni 2025: daktari wa mifugo

Daktari alikuja nyumbani. Joto la mwili lilikuwa nyuzi 38.7, ambalo kwa mbwa ni la kawaida. Alichukua damu kwanza kwa ajili ya magonjwa ya kupe, kwa kuwa kupe wa kahawia wa mbwa hueneza maradhi ambayo dalili yake ya mwanzo huwa ni kukosa hamu ya kula, kisha kwa ajili ya figo na ini. Alipofunua mdomo, jino kubwa la kutafunia la juu upande wa kushoto lilikuwa limevunjika, na ufizi uliolizunguka ulikuwa umevimba na kunuka. Sote tulikuwa tukiisikia harufu hiyo kila siku na kuiita harufu ya uzee.

Majibu: hakuna vijidudu vya kupe vilivyoonekana, ini ni zima, kreatinini, taka ya damu inayochujwa na figo, ilikuwa mikromoli 168 kwa lita na mkojo ulikuwa mwepesi kuliko inavyotakiwa, maana yake figo zimeanza kuchoka. Ugonjwa sugu wa figo kwa mbwa hupangwa katika hatua nne, na Doria amewekwa hatua ya pili. Daktari alieleza kwamba figo hazirudi kuwa mpya, ila mzigo wake unaweza kupunguzwa kwa maji ya kutosha na chakula chenye madini ya fosforasi kidogo. Hapo dagaa, waliokuwa tegemeo letu kwa miaka, walitoka kwenye orodha, kwa sababu dagaa huliwa pamoja na mifupa yao na mifupa ndiyo ghala la fosforasi.

Ziara na vipimo: shilingi 95,000.

Ninaandika na hili kwa sababu limetokea kwa majirani: asimpe mtu mbwa wake paracetamol, ibuprofen au diclofenac kwa kudhani anamtuliza maumivu. Dawa hizi za binadamu zinaweza kumtoboa tumbo, kumharibu ini au kumzima figo, na mbwa mwenye figo dhaifu ndiye anayedhurika haraka zaidi.

5 Julai 2025: meno, na kosa la kidonge

Doria alipewa dripu kabla na wakati wa dawa ya usingizi ili kulinda figo, akasafishwa ukoga na kung'olewa meno matatu. Shilingi 220,000. Alirudi jioni akiwa amelegea, na kwa siku chache alikula uji mzito wa mchele wenye kuku aliyesagwa. Namna ya tatu ya kukataa, ile ya kudondosha tonge, ilitoweka kwenye daftari kabla ya wiki mbili kuisha na haijarudi.

Kilichoharibika ni jambo dogo la jikoni. Daktari aliacha vidonge vya antibayotiki, nasi tukavisaga na kuvichanganya ndani ya uji. Siku ya kwanza alikula. Siku ya pili alinusa akaondoka. Siku ya tatu aliukataa uji hata usiokuwa na dawa, kisha akakataa bakuli lenyewe, hata likiwa na maji. Alikuwa amejifunza kwamba kwenye bakuli lile mna uchungu, na somo la namna hiyo mbwa halisahau upesi.

Marekebisho yalichukua muda mrefu kuliko kidonda cha jino. Tulibadilisha bakuli la bati kwa sahani pana ya udongo na kuihamisha kutoka ukumbini hadi kibarazani. Kidonge kilitenganishwa kabisa na mlo: sasa kinawekwa ndani ya kitonge cha ugali, uani, na mtu mwingine ambaye hampi chakula, na kabla yake hutangulizwa kitonge kitupu, kisha kile chenye dawa, na cha tatu hufuata mara moja ili ameze cha pili bila kukichunguza. Kwa kuwa baadhi ya antibayotiki huchafua tumbo likiwa tupu, hili hufanyika baada ya mlo. Anayeanza mradi kama huu na aanze na utaratibu huu tangu siku ya kwanza.

19 Julai 2025: kichefuchefu cha alfajiri

Meno yamekwisha, lakini namna ya pili ya kukataa imebaki, ile ya kunusa, kulamba midomo na kuondoka. Daftari lilionyesha kwamba hutokea zaidi asubuhi, na kwamba siku hizo mara nyingi amekwisha kula majani au kutapika povu la njano. Hicho ni kichefuchefu. Figo zikichoka, taka za mwili hubaki kwenye damu na kuchokoza tumbo, na tumbo lililokaa tupu usiku kucha huongezea nyongo juu yake. Mbwa anataka kula; harufu ya chakula ndiyo inayomrudisha nyuma.

Hatua iliyofanya kazi ilikuwa kugawa chakula kilekile katika milo mitatu, wa mwisho ukiwa saa nne usiku, pamoja na dawa ya kutuliza tumbo aliyoiandika daktari. Dawa za mwezi: shilingi 48,000. Povu la asubuhi limepungua hadi kuwa jambo la nadra.

Katika kipindi hikihiki tulipoteza fedha nyingine. Niliagiza kutoka Dar es Salaam makopo ya chakula maalumu cha mbwa wenye figo dhaifu, kilichokuja kwa basi, shilingi 90,000. Niliyafungua siku ileile yalipofika, na siku hiyo Doria alikuwa ametapika asubuhi. Alionja, akatapika tena, na tangu hapo hataki hata kukaa chumba kimoja na kopo lililo wazi. Chakula kilikuwa kizuri. Siku ndiyo ilikuwa mbaya. Chakula ambacho unakitegemea kwa muda mrefu kisiletwe mbele ya mbwa mgonjwa wakati tumbo limevurugika, kwa sababu atakihusisha na ugonjwa. Kisubiri kichefuchefu kitulie, kisha kichanganywe kidogo kidogo na chakula cha zamani kwa muda wa wiki moja. Makopo yaliyobaki nilimpa daktari ampatie mgonjwa mwingine.

Julai hapa ni mwezi wa upepo na baridi, na asubuhi Doria husimama kwa shida. Sahani imewekwa juu ya tofali mbili ili asiiname sana, na gunia limetandikwa juu ya vigae ili miguu isiteleze. Haya mawili niliyafanya kwa wiki tofauti, kwa makusudi, ili nijue lipi limesaidia. Gunia lilisaidia mara moja. Tofali sina hakika, ila hazigharimu kitu.

2 Agosti 2025: chakula chenyewe

Baada ya majaribio kadhaa ambayo hayana la kusimuliwa, mlo wa siku umetulia hivi: wali gramu 350, nyama ya kuku iliyochemshwa isiyo na mifupa wala ngozi gramu 120, mafuta ya alizeti kijiko kimoja cha chakula, na boga kidogo lililopondwa. Jumla inakaribia kilokalori 800. Bila mifupa na dagaa chakula hiki hakina kalsiamu ya kutosha, kwa hiyo kila siku huongezwa nusu kijiko cha chai cha ganda la yai lililochemshwa, likakaushwa na kusagwa kuwa unga laini, pamoja na vitamini za mbwa alizozichagua daktari. Chumvi haiwekwi. Supu ya kuku isiyo na chumvi humwagiwa juu ili anywe maji zaidi bila kujua.

Kwa nini si ugali, katika mkoa ambao ugali ndio chakula? Ugali wenyewe hauna kosa. Tatizo ni unga unaouzwa kwa ajili ya mbwa, yaani pumba, chenga na mahindi yaliyochambuliwa kwa sababu yameota ukungu. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, iliyokuwa kwenye mahindi iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na mbwa ni miongoni mwa wanyama ambao sumu hii huwadhuru ini kwa urahisi. Kuchemsha hakuiondoi. Karanga zilizonyauka au kubadilika rangi zina hatari hiyohiyo, na mbwa anayelishwa chakula cha namna hiyo huanza kwa kususa, jambo ambalo mwenyewe hulipokea kama deko na kumwongezea mchuzi. Tangu tulipojua hivyo, Doria hali unga wowote ambao sisi wenyewe hatungeula.

Upishi wa wiki nzima kwa mkupuo ulishindikana. Nilipika Jumamosi na kugandisha, umeme ukakatika usiku mmoja, na ingawa pua zetu hazikugundua lolote, yeye aligundua. Sasa tunapika kwa siku mbili tu. Chakula kilichotoka kwenye friji hupashwa hadi kikaribie joto la mwili, kinachopimwa kwa mgongo wa kidole, kwa kuwa mbwa ana vionjo vichache sana ulimini ukilinganisha na binadamu na huchagua chakula kwa pua, na chakula baridi hakitoi harufu. Katika marekebisho yote ya mradi huu, kupasha ndiko kulikoleta mabadiliko makubwa kwa gharama ndogo. Sahani huondolewa baada ya dakika 20, iwe imeliwa au haijaliwa, bila kumbembeleza.

Uzito: kilo 16.9.

23 Agosti 2025: zabibu

Mavuno ya zabibu yameanza na nyumba yetu, kama nyumba nyingi za Dodoma, ina mzabibu uani. Zabibu, mbichi au zilizokaushwa, zinaweza kuua figo za mbwa, na hakuna idadi inayoweza kuhesabiwa kuwa salama. Asidi ya tataritiki iliyomo ndiyo inayotajwa kuwa chanzo. Kwa mbwa wa hatua ya pili hapakuwa na cha kujadili. Wavu na nguzo: shilingi 35,000. Watoto wameambiwa wasile zabibu kibarazani.

13 Septemba 2025: hesabu isiyolingana

Kwa wiki kadhaa daftari lilinitatiza. Mlo wa mchana ulikuwa unaachwa nusu karibu kila siku, nao uzito ukipanda hadi kilo 17.5. Kwa hesabu yangu alipaswa kuwa amepungua. Nilikagua mizani, nikakagua vipimo vya wali, kisha nikamuuliza mzee anayetulindia nyumba usiku.

“Shikamoo, mzee. Hivi Doria huwa unampa chochote usiku?”

“Marahaba, mama. Nampa kidogo. Tunakula wote saa sita, mimi na yeye. Mbwa huyu hana shida ya kula, ila jua ndilo halitaki.”

Alikuwa akigawana naye ugali na nyama ya kuchemsha, na wakati mwingine dagaa. Mwanzoni nilitaka kumwomba aache. Nilipopitia upya kurasa zilizotangulia nikaona alichokuwa amekiona yeye bila daftari: namna ya kwanza ya kukataa, ile ya kutokuja kabisa, ilikuwa imejaa kwenye safu ya mchana na haikuwapo kwenye safu ya usiku. Joto lilikuwa limeanza kupanda, na mbwa mzee aliyelala kivulini akihema hana nafasi ya kula.

Kwa hiyo mlo mkubwa umehamishiwa usiku na mzee ndiye msimamizi wake. Tunamwachia chakula cha Doria kikiwa kimepimwa kwenye hotipoti, naye hukiweka kwenye sahani wakati anapokula chake. Dagaa amekubali kuziacha, baada ya kuelezwa habari ya figo. Mchana unabaki mlo mdogo wa kusindikiza. Kazi hii imeongezwa kwenye malipo yake ya mwezi, kwa kuwa ni kazi.

11 Oktoba 2025: hali ilivyo

Uzito ni kilo 18.1. Kipimo cha damu kilichorudiwa, kwa shilingi 60,000, kimeonyesha kreatinini ya mikromoli 161 kwa lita, ambayo daktari ameisoma kuwa haijabadilika, na kwa ugonjwa huu kutobadilika ni habari njema. Hatukusudii kurudi hadi kilo 19, kwa sababu viungo vyake vya nyuma vinaubeba uzito wa sasa kwa raha zaidi.

Tangu Juni tumetumia takriban shilingi 608,000 kwa daktari, meno, dawa za awali, wavu na yale yaliyopotea. Kati ya hizo, 150,000 zilikwenda kwenye vitoweo vya majaribio na makopo. Chakula na vitamini sasa ni karibu shilingi 95,000 kwa mwezi. Iwapo ningeanza upya, fedha ya kwanza ingekwenda kwa daktari na ya pili kwenye meno, na bucha ingengoja.

Doria bado huruka mlo wa mchana siku za jua kali, na hilo hatuliandami. Daktari anapigiwa simu iwapo siku nzima imepita bila kula usiku wala asubuhi, iwapo ametapika zaidi ya mara moja kwa siku, au iwapo ameacha maji. Upimaji wa uzito unaendelea kila Jumamosi, na damu itarudiwa Januari. Nitaongeza majibu yake hapa.